Banda la Wavutaji Chini ya Mwarobaini

Siku niliyoanza kuichukia sheria ya sigara, nilikuta kachumbari ndani ya kisahani changu cha majivu.

Nasema changu kwa sababu ya mazoea tu. Baa yenyewe iko Chaani, karibu na uwanja wa kuegesha malori, na kwa miaka mingi nilikuwa nikikaa meza ile ile ya pembeni nikitoka kazini saa kumi. Mimi ni karani katika yadi ya makontena. Kutwa nzima nasimama juani nikiandika namba za makontena yanayoingia na yanayotoka, na kutwa nzima ni marufuku kuwasha hata kiberiti. Kwa hiyo sigara ya saa kumi na robo sikuiona kuwa starehe. Niliiona kuwa haki yangu, na mtu akigusa haki yangu mimi hupandwa na mori upesi.

Siku hiyo nilikaa, nikaagiza bia na mishikaki, nikawasha sigara, nikanyoosha mkono kukung'uta majivu bila kuangalia. Vidole vikazama kwenye nyanya na vitunguu.

"Karani," alisema mama mwenye baa kutoka kaunta, "hiyo sahani nimeiosha kwa maji moto mara tatu. Kula bila wasiwasi. Lakini sigara, nenda nayo uani."

Nikatazama meza nyingine. Visahani vyote vya kioo, vile vizito vyenye mapengo ukingoni ya kulazia sigara, vilikuwa vimejaa kachumbari. Dereva mmoja wa lori alikuwa ameinua sigara yake hewani, majivu yamerefuka, hajui ayaangushe wapi. Sakafu ilikuwa imepigwa deki ikang'aa. Hata mlevi huona haya mbele ya chakula na sakafu safi, na dereva yule akaishia kuyakung'utia majivu kwenye kiganja chake mwenyewe, akatoka nje ameyakumbatia.

Hapo ndipo ningepaswa kujua kwamba nimekutana na mtu anayenizidi akili. Sikujua. Nilinuna, nikala mishikaki bila kugusa kachumbari, nikaenda zangu.

Mama huyu alikuja Mombasa kutoka Ukambani akiwa msichana, akahudumu meza katika baa hiyo hiyo miaka isiyopungua kumi. Mwenye baa wa zamani alipochoka na kurudi kwao bara, yeye ndiye aliyeichukua. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, kalamu siku zote kaichomeka kwenye nywele. Sijawahi kumsikia akipiga kelele, na nimemwona akiwatoa nje watu wanaopita mlangoni ubavu ubavu. Sheria ya kukataza sigara ndani haikuwa mpya. Kibao chake kilikuwako miaka yote nyuma ya makreti, kimegeuziwa uso ukutani. Alichofanya yeye ni kukigeuza, kukipangusa, na kukitundika juu ya kaunta mahali palipokuwa na kalenda.

"Nilipokuwa nahudumu," aliniambia baadaye, "kila nikirudi nyumbani mtoto wangu ananiuliza, mama, leo ulikuwa unapika kwa kuni za nani?"

Alilisema hilo kwa kucheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nikaikumbuka harufu ya shati langu, kicheko kikaisha.

Lakini sisi wavutaji tulikuwa na hoja moja nzito, na tulijua ni nzito. Uani alikataa meza na alikataa chupa. Hakutaka baa ya pili izaliwe huko. Sasa ukienda kuvuta, bia yako unamwachia nani? Mjini humu watu hutiliwa dawa kwenye vinywaji, hiyo wenyewe wanayoiita mchele. Unakunywa ukiwa na simu na viatu, unazinduka huna simu wala viatu. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeipa chupa yake mgongo. Na kwa kuwa napenda kusema, mimi ndiye niliyetumwa kaunta na wenzangu.

"Bia haiendi nje, sigara haiingii ndani," nikamwambia. "Sasa mtu ajikate vipande viwili?"

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichukua chupa yangu, akaikandamizia kizibo kwa kidole gumba, akaichomoa kalamu kichwani, akaandika "Karani" kwenye kikaratasi na kukibandika shingoni mwa chupa. Akaiweka rafu ya juu kabisa nyuma yake, mahali ambapo ni yeye tu anayefika, tena kwa kupanda kreti.

"Hii ni amana," akasema. "Mkono mwingine hauigusi. Na siimwagi, iwe siku moja au siku ngapi, mpaka uje uichukue mwenyewe."

Ikawa ndiyo desturi. Unatoka kuvuta, unaikabidhi chupa, unarudi, anakushushia na kukupa kwa mikono miwili, "Hii hapa yako." Kuna jioni nilizihesabu chupa kumi na mbili zimepangana rafuni, kila moja na kikaratasi chake, na sijaona hata siku moja akichanganya ya huyu na ya yule. Hasira yangu ilianza kupungua bila idhini yangu.

Lililobaki lilikuwa mahali pa kujenga banda la wavutaji, maana hadi hapo tulikuwa tunasimama tu juani kama waliofukuzwa darasani. Ilikuwa Januari. Mama akaja mezani kwangu mbele ya madereva.

"Karani, wewe ni mtu wa pwani. Mimi huu upepo wenu siujui. Banda nilijenge wapi ili moshi usimsumbue mtu?"

Lo! Kuulizwa hivyo, tena mbele ya watu wa bara! Mimi nimezaliwa Kisauni, babu yangu akitokea Rabai, na nusu ya maisha yangu nimeitumia kuwacheka watu wa bara kwa kutojua kufungua dafu. Nikainuka taratibu, nikatangulia uani, na yeye nyuma yangu. Ua ule uko nyuma ya baa. Upande wa kusini uko wazi kuelekea uwanja wa malori. Upande wa kaskazini kuna ukuta wa jirani, na mwarobaini wa jirani umeinama juu ya ukuta huo ukamwaga kivuli upande wetu. Nikasimama kwenye kivuli, nikawasha sigara, nikapuliza. Moshi ukaelea moja kwa moja kuelekea malori.

"Hapa," nikasema, nikipiga kisigino chini. "Wallahi, hapa moshi hautamsumbua kiumbe."

Akaniamini. Kabla ya wiki kuisha fundi alikuwa amesimamisha nguzo nne na mabati juu, na benchi moja chini yake. Msomaji wa pwani ameshajua nilichosahau, na najua ananicheka. Acha anicheke kwanza, kwa wengine nitaeleza siku zake zikifika.

Nyumba ya nyuma ya ukuta ule ni ya familia ya wafanyabiashara, watu wa Mji wa Kale waliohamia Chaani zamani. Mwana ana duka la vitambaa barabarani. Mama yake, bibi mtu mzima, alikuwa akijulikana kuliko duka, kwa sababu ya udi. Alikuwa akiutengeneza mwenyewe: vijiti vya udi, sukari aliyoichoma, mafuta mazuri, na mengine ambayo hakumwambia mtu. Kisha huutandaza kwenye sinia dirishani ukauke kwa upepo siku kadhaa. Harusi za Kisauni, za Likoni, za Mji wa Kale kwenyewe, watu walituma kwake. Dirisha hilo la nyuma lilitazama uani kwetu, kimo kidogo juu ya ukuta.

Baa na nyumba ile vilikaa bila ugomvi. Ikiadhiniwa, mama alizima muziki. Nayo miezi ile ya kwanza, bibi alipokuwa akiujaribu udi wake kwenye chetezo, harufu iliruka ukuta na kutushukia bandani, na wavutaji tukanyamaza kidogo. Dereva mmoja wa bara alisema harufu ile inamfanya atamani kuoa upya, na mke anaye.

Nisiseme uongo, miezi ile baa ilipendeza. Niligundua kwamba kuta zilikuwa za kijani. Mimi nilidhani ni za kahawia. Wanawake wa kiwandani wakaanza kuja mchana kula pilau, jambo ambalo sikupata kuliona. Mhudumu aliyekuwa akikohoa tangu nimjue akaacha kukohoa. Nami sigara kumi za jioni zikawa nne, si kwa sababu ya uchaji, ila kuinuka na kukabidhi chupa kila mara kunachosha. Nilimstahi mama yule, na nilijistahi mimi mwenyewe zaidi, kwani si mimi niliyeonyesha mahali?

Kisha ikaja masika, na upepo ukageuka.

Kwa wasiokuwa wa pwani: kwetu kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi huvuma kaskazi, upepo unaotoka upande wa kaskazini. Mvua zikianza hugeuka ukawa kusi, ukatoka upande wa pili kabisa, na hukaa hivyo miezi na miezi. Mtoto wa chekechea wa Kisauni analijua hilo. Mimi nalijua. Ila siku ile niliyoulizwa nilikuwa nimeshughulika na sifa.

Jumatatu moja tulitolewa kazini mapema kwa mvua, nikawa baa tangu mchana. Bia yangu ilikuwa nusu pale nilipomwona jirani mwenye duka la vitambaa amesimama mlangoni. Hakuingia. Viatu vyake viliishia kizingitini kabisa, na mkononi alikuwa na mkebe mdogo.

"Hodi."

Mama alitoka nyuma ya kaunta akaenda mpaka pale mlangoni ili asimlazimishe kuingia.

"Dada, habari za mchana."

"Nzuri, kaka. Za nyumbani?"

Jirani akaufungua mkebe. "Nusa."

Mama akanusa. Nilikuwa hatua tano kutoka kwao, nikauona uso wake ukibadilika.

"Huu ni udi wa harusi," jirani akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilinitisha zaidi. "Umerudishwa jana, na maneno juu yake. Wamemfukiza bibi harusi, chumba kizima kikanuka sigara, wanawake wakatoka nje. Mama yangu ametengeneza udi miaka arubaini, hajarudishiwa hata kipande. Tangu jana chakula hakimpiti."

"Moshi ni wetu," mama akasema. Hakuwa anauliza.

"Tangu upepo ugeuke unaingia dirishani. Sinia zote zilikuwa dirishani." Akaufunga mkebe. "Dada, wewe ni jirani mwema, sina la kukusema. Lakini leseni yako inafanywa upya mwezi huu, na tangazo limebandikwa: jirani mwenye pingamizi aandike. Jumatatu ijayo nitaandika. Mama yangu ni mama yangu."

Kila mtu ndani ya baa alielewa. Barua ya jirani wa ukuta kwa ukuta, tena mtu anayeheshimika mtaa mzima, ingetosha kuifunga baa ile. Mwanamke aliyetumikia meza zake miaka kumi mpaka zikawa zake angerudi kutafuta meza za watu wengine.

Hakujitetea. "Una haki," akasema. "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyelijenga pale. Nakuomba hiyo wiki tu."

Kosa ni langu. Nilisikia kila silabi. Wale madereva waliokuwako Januari walikuwa safarini, mmoja Malaba, mmoja Kampala. Tuliojua ni nani aliyepiga kisigino chini ya mwarobaini tulikuwa wawili humo ndani. Nilingoja anigeukie. Kama angenigeukia, ningesema. Mpaka leo najiambia hivyo. Hakunigeukia. Alirudi kaunta, akachukua kitambaa, akaanza kupangusa mahali palipokuwa safi.

Nikainuka. Nikamkabidhi chupa yangu kama mtu anayekwenda kuvuta, akaiwekea kizibo na kikaratasi kama kawaida. Nikapita uani, nikapita banda, nikapita malori, nikatokea barabarani na kwenda nyumbani kwenye mvua. Kwa Kiswahili chepesi, nilitoroka.

Siku hiyo hiyo aliling'oa banda, kesho yake kibao cha pili kikawekwa uani: hakuna kuvuta sigara popote. Wavutaji wakahama. Nami nikahamia ng'ambo ya reli, baa ambayo kila mtu anavuta alipokaa na mwenyewe anavuta kuliko wateja. Nilidhani nimefika peponi. Baada ya nusu saa macho yalikuwa yananitoka machozi. Nilikwenda msalani, niliporudi nikaikuta chupa yangu mezani peke yake, na jamaa nisiowajua meza ya pili wakicheka. Nikaitazama sana. Nikaimwaga chini ya meza, nikaondoka. Mke wangu alinifungulia mlango, akanusa shati, akasema, "Kumbe umerudi kule kule." Hakujua jinsi alivyonichoma.

Sikuwa na amani wiki ile. Nikiandika namba za makontena nakosea. Nilikuwa najiambia kwamba yeye ni mtu mzima, kwamba nami sikumlazimisha, kwamba upepo si wangu. Kisha nasikia tena, kosa ni langu, kwa ile sauti yake ya upole.

Jumamosi adhuhuri simu ikalia. "Karani, nakuhitaji saa kumi. Njoo bila sigara." Hakuuliza nilikuwa wapi.

Nilimkuta uani, pamebaki mashimo manne tu chini ya mwarobaini. Akanieleza haraka haraka. Jumanne alikwenda kwa bibi, akavua viatu, akaamkia, akakaa chini. Bibi hakumsemesha. Jumatano akaenda tena, bibi akamwambia kaa, basi. Alhamisi akamweleza kwamba yeye ni mtu wa bara, kwamba aliona kivuli akajenga, na kwamba yuko tayari kuacha wavutaji wote waende kama hakuna njia nyingine. Ndipo bibi alipolainika. Akasema watafute mahali ambapo moshi hauji dirishani kwake, naye atahukumu kwa pua yake mwenyewe. Ila sigara hataki kuinusa tena. Watumie udi ule ule ulioharibika.

"Mimi nitakaa na bibi dirishani," mama akasema. "Wewe utazunguka."

Akanikabidhi chetezo, makaa yamewaka vizuri na udi uliorudishwa umekwisha kutiwa.

Basi nikawa mimi huyo, karani wa yadi, mvutaji wa miaka ishirini, nazunguka ua wa baa saa kumi alasiri na chetezo kama somo anayemfukiza bibi harusi. Wateja wachache waliobaki walijazana mlango wa nyuma. "Karani, unaolewa lini?" "Karani, tufukize na sisi!" Nikawa nimeuma meno.

Nikasimama kwanza palipokuwa banda. Kusi ilikuwa inavuma sawasawa. Sauti ya bibi ikatoka dirishani, kali kuliko nilivyotarajia. "Naisikia! Tena na sigara yenu ndani yake. Toka hapo!"

Nikaenda karibu na malori. "Naisikia."

Nikaenda nyuma ya choo. "Bado naisikia. Songea kule."

Karibu na jiko. "Kidogo. Enda zaidi, kuna ndia ya nyuma kule."

Mwishowe nikafika pembe ya mbali, nyuma ya tangi la maji, mahali ukuta unapokutana na kichochoro kisichopita mtu. Moshi wa chetezo ukainuka, ukapinda, ukaenda zake kichochoroni. Nikasubiri.

"Sisikii kitu," bibi akasema. "Hata chembe moya. Hapo."

Watu wa mlangoni wakapiga makofi. Nikarudi na chetezo mpaka chini ya dirisha, nikangoja wanipe ruhusa ya kukirudisha. Dirisha lilikuwa wazi, nikawasikia juu yangu kama niko chumbani.

"Hapo ni pa kusi," bibi alikuwa akimwambia. "Kaskazi ikirudi, hapo moshi utakuingilia jikoni kwako mwenyewe. Itabidi ulirudishe banda chini ya mwarobaini. Hivyo hivyo kila mwaka, uhame nao."

"Nimeelewa, bibi. Ahsante."

"We ni mtu wa bara, mwanangu, sikulaumu. Lakini niambie, n'nani aliyekwambia pale chini ya mwarobaini ni pazuri?"

Mama hakukawia. "Ni mimi mwenyewe, bibi. Niliona kivuli."

Alijua niko chini ya dirisha. Alijua nasikia. Siku tatu amekaa chini kwenye mkeka wa watu, amekubali kuonekana mjinga mbele ya bibi yule, na mjinga alikuwa mimi, ningali nimeshika chetezo. Nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote ninayoikumbuka.

"Bibi, masalkheri," nikasema. "Si yeye. Ni mimi niliyemwonyesha."

Kichwa chenye mtandio kikatokea dirishani. "Wewe nani?"

"Mimi karani. Ni mteja hapa. Aliniuliza, nikamwambia ni hapo, nikaapa kwa wallahi."

"Nawe mtu wa bara?"

"La, bibi. Mimi wa Kisauni."

"Umehamia Kisauni?"

"Nimezaliwa Kisauni, bibi."

Akacheka, akacheka mpaka akashika nondo za dirisha. "Ya Rabbi! Mzaliwa wa Kisauni asiyeijua kusi! Na sisi ndio tunaowacheka watu wa bara!" Watu wa mlangoni wakaangua kicheko, na jina la Kusi likanishika siku hiyo hiyo, mpaka leo kuna madereva wasionijua kwa jingine.

Bibi akaacha kucheka ghafla. Akanitazama vizuri.

"Na wiki nzima umemwacha mwanamke huyu akiya kwangu kuvua viatu kwa ajili yako."

"Naam, bibi."

"Basi kulihamisha banda ni kazi yako, mpaka ufe. Nikituma neno kuwa upepo umegeuka, unatoka ulipo, unalihamisha."

Jumatatu mwanawe aliandika barua kama alivyoahidi. Ilikuwa na mistari mitatu: jirani hana pingamizi, jirani anaridhika, jirani anaiombea leseni. Leseni imetundikwa leo kando ya kibao cha sigara. Nguzo nne za banda tulizisimika kwenye madebe ya saruji ili zibebeke, na mara mbili kwa mwaka bibi hutuma neno. Mwaka huu alituma siku mbili kabla mimi sijahisi mabadiliko yoyote, na nilikuwa nimelowesha kidole na kukiinua hewani kila asubuhi. Wavutaji wageni hutushangaa tukihamisha nguzo na mabati. Madereva wetu wa zamani huwaeleza, na hawaachi kunielekezea kidole.

Lakini ile Jumamosi, baada ya kurudisha chetezo na kuubusu mkono wa bibi, niliingia baa kwa mlango wa nyuma, sijui nikae wapi. Meza yangu ya pembeni ilikuwa tupu. Nyingi zilikuwa tupu. Nikaenda kusimama kaunta.

"Kwa nini hukunitaja?" nikamwuliza. "Ungenitaja siku ile ile mlangoni."

"Nilikuuliza kwa hiari yangu," akasema. "Na baa ni yangu, karani."

"Lakini ungenitaja."

Alivuta kreti kwa mguu, akapanda, akanyoosha mkono rafu ya juu. Rafu ilikuwa na chupa moja tu, kwani wavutaji hawakuwapo tena. Akaishusha, akaipangusa vumbi kwa kitambaa, akaizungusha mpaka kikaratasi kikanielekea. Ilikuwa ile nusu yangu ya Jumatatu, kizibo chake juu, na jina langu kwa mwandiko wake.

"Hii hapa yako," akasema, akanipa kwa mikono miwili.

Bia ilikuwa ya moto, haina povu, imechacha. Niliinywa yote nikiwa nimesimama.